Kutu ya gari la Pwani haifi Isiolo: jinsi ya kuikagua, kuitoa na kuizuia

Gari likishazeeka Mombasa, Kilifi au Malindi, mara nyingi hutafutiwa mnunuzi wa bara. Wengine hawauzi. Huwapelekea ndugu zao walioko Isiolo kwa biashara au kazi, gari likabebe mizigo au familia. Na neno linalosemwa wakati wa kukabidhiana funguo ni lile lile: "Kule ni kukavu, hii kutu itakufa yenyewe."

Haifi. Itapunguza mwendo, lakini iliyokwisha kuingia kwenye maungio ya bodi itaendelea kula. Ubaya ni kwamba mwenye gari mpya atakuwa amekwisha kuambiwa asiwe na wasiwasi. Makala haya yanaeleza kutu inafanya nini, wapi pa kuitazama, na namna ya kuitoa bila kudanganya macho.

Kutu ni nini

Chuma kikikutana na maji na hewa, hugeuka kutu. Chumvi haianzishi jambo hilo, bali hulikimbiza, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu, na kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Pia chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana gari la Pwani hupata kutu hata likiwa limeegeshwa wiki nzima bila kunyeshewa.

Jambo la pili: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba. Ule uvimbe mdogo chini ya rangi, kama kipele, maana yake kutu tayari imetandaa chini kupita inavyoonekana juu.

Tusiilaumu bahari peke yake. Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengi hutoka Japani. Sehemu za kaskazini za Japani hupata theluji, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililotembea huko laweza kushuka bandarini Mombasa juu likimetameta na chini likiwa na kutu.

Isiolo inabadilisha nini

Mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, na mvua huja kwa misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Bati lililo wazi huko huchelewa kushika kutu kuliko Likoni. Hilo ni kweli.

Lakini kuna mambo matatu. Kwanza, chumvi iliyonaswa ndani ya milango na maungio haiondoki kwa kusafiri. Mvua ya kwanza au maji ya kuoshea huiamsha. Pili, barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale ina lami, lakini ukikata kuelekea Merti utakuta vumbi na changarawe. Kila jiwe linalorushwa na gurudumu hutoboa rangi, na kila tundu ni mlango wa kutu. Tatu, vumbi hujaa kwenye mifereji ya kutolea maji, likilowa huwa tope linalokaa na unyevu siku nyingi. Na anayeendelea kaskazini hadi jangwa la Chalbi, Marsabit, ajue kuwa udongo wa huko wenyewe una chumvi.

Mahali pa kutazama

Usianze na boneti. Lala chini ya gari, uwe na tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba.

- Chesisi, hasa pale springi na bodi zinapofungwa. Gonga kwa nyuma ya bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu.
- Ubavu wa chini ya milango. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, pameisha.
- Ukingo wa juu ya magurudumu, upande wa ndani, tope linapojikusanya.
- Chini ya milango. Hapo kuna vitundu vya kutoa maji. Vikiziba, mlango huoza kutoka ndani.
- Pembeni mwa kioo cha mbele, chini ya mpira.
- Chini ya kapeti za miguuni na mahali pa gurudumu la akiba. Kapeti yenye unyevu siku ya jua ni dalili mbaya.
- Mabomba ya breki na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa. Hapa si suala la sura tena, ni uhai wa abiria.

Sumaku itakuonyesha fila. Ipitishe taratibu juu ya bodi. Pale isiposhika pana fila nene, isipokuwa sehemu hiyo iwe ya plastiki au aluminiamu.

Kutu ya juu: kazi ya siku moja au mbili

Kama chuma bado ni kigumu, kazi hii mwenye gari mwenyewe anaiweza.

1. Osha sehemu kwa sabuni na maji matamu, ondoa grisi, iache ikauke kabisa.
2. Vaa barakoa na miwani. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Endelea mpaka uvuke kutu na kufikia rangi iliyoshika vizuri pande zote.
3. Kutu iliyobaki kwenye vishimo vidogo ipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ukiwa na glavu. Huigeuza kuwa tabaka gumu jeusi. Fuata maelezo ya kopo. Dawa hii haiponyi kutu inayobanduka magamba. Hiyo lazima ikwanguliwe kwanza.
4. Lainisha kingo za rangi kwa msasa namba 180, halafu 320. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina.
5. Paka praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Chuma kilicho wazi kisilale usiku, hasa Pwani.
6. Kama pana bonde, weka fila nyembamba juu ya praima hiyo, piga msasa, paka praima tena.
7. Paka rangi tabaka nyembamba mbili au tatu, kisha vanishi kama gari lako linatumia. Namba ya rangi iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango.

Usiishie kwenye praima ukasema rangi utapaka mwezi ujao. Praima nyingi za kawaida hupitisha unyevu, na kazi yote itaharibika chini kwa chini.

Kwa Isiolo, paka asubuhi mapema, kivulini, kabla upepo wa vumbi haujaanza. Bati lililochomwa na jua hukausha rangi kabla haijatulia, ikabaki na mikwaruzo. Na ukibadilisha rangi ya gari zima, NTSA lazima ijulishwe ili kumbukumbu za gari zirekebishwe.

Kutu iliyotoboa

Tundu haliponi kwa fila. Fila iliyojazwa juu ya gazeti au wavu hufyonza unyevu, na baada ya msimu mmoja wa mvua huanguka kipande kizima. Dawa yake ni kukata mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya la unene ule ule.

Kabla fundi hajawasha mashine, hakikisha betri imefunguliwa, kapeti na viti vya karibu vimetolewa, na tangi na mabomba ya mafuta yako mbali na moto. Awepo mtu mwenye kizimamoto upande wa pili wa bati. Bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo zinki ikwanguliwe kwanza na kazi ifanyiwe nje. Kazi ikiisha, upande wa ndani nao upakwe rangi na nta ya kuzuia kutu. Wengi husahau upande huo, na kutu hurudi kutokea huko.

Chesisi ni habari nyingine. Haifungwi kiraka cha bati la kuezekea wala cha bati la mlango. Inataka chuma kinene na fundi anayejua mzigo unapitia wapi. Kama imeliwa sehemu nyingi, jawabu la kweli laweza kuwa kulistaafisha gari.

Land Rover na imani yake

Watu husema Land Rover haishiki kutu. Ni nusu ya ukweli. Zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa aloi ya aluminiamu. Chesisi ilibaki chuma, na ndiyo inayooza huku bodi ikiwa nzima. Zaidi ya hayo, aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kwenye bolti na maungio, ndio huo. Tenganisha kwa mpira au rangi nzito.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutoa

Maji ni ya thamani Isiolo, kwa hiyo ukiwa na ndoo mbili tu, anza chini ya gari, juu futa kwa kitambaa. Yaonje maji kwanza: visima vingi vya Pwani, na baadhi ya vile vya kaskazini, vina maji ya chumvi. Kuoshea gari maji hayo ni kulipaka chumvi.

Zibua vitundu vya milango kabla ya kila msimu wa mvua. Gusia rangi kila jiwe lilipotoboa. Oili chafu inayonyunyizwa chini ya gari huharibu mipira, hunasa vumbi na kuchafua udongo. Afadhali nta ya kuzuia kutu. Undakoti ya lami ni nzuri juu ya chuma safi. Juu ya kutu, huificha tu, ikipasuka hunasa maji.

Kwa anayeuza

Ndugu wa Isiolo anaponunua gari lako la Pwani, anaweza kupakia watoto wake siku hiyo hiyo na kushika safari. Kuziba chesisi iliyooza kwa fila na rangi mpya ni kumuuzia hatari asiyoiona. Mwinue gari, mwonyeshe palipoliwa, mkubaliane bei ya hali ilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kutu hula pale ambapo hakuna aliyeinama kutazama.