Mto Uliofundisha Kazi

Kijana wa Kipokomo aliyekulia chini ya Garsen, kule mto unakokaribia bahari, hakupelekwa kozi ya kulima mpunga. Alienda shamba na babake, akatumwa kufungua mfereji, akakosea, akagombezwa, kesho yake akatumwa tena. Na kazi yenyewe si mchezo. Bahari ikijaa, maji matamu ya mto hukosa njia, yakarudi juu na kuingia mashambani. Ukifungua mapema, hupati kitu. Ukifungua wakati mto umepungua, unakaribisha chumvi. Kitabu hakuna. Kuna mwezi wa kutazama na mzee wa kuuliza.

Halafu TARDA, mamlaka ya serikali ya mito ya Tana na Athi, ikaleta mradi wa mpunga kwa fedha za Japani: matuta ya kuzuia mafuriko, mashine, mainjinia na digrii zao. Mvua za El Niño za 1997 zikabomoa matuta.

Ningependa tuishie hapo tukiwacheka wasomi. Lakini elimu ya wazee nayo ilikuwa imeshaguswa. Bwawa la Masinga, mamia ya kilomita huko juu, lilikamilika 1981, na tangu hapo mto haufuati mvua peke yake. Unafuata pia mahitaji ya umeme. Mzee anamfundisha mjukuu kusoma mto ambao si ule aliofundishwa yeye.

Mjukuu naye ana simu, anaangalia utabiri. Babu anamsikiliza, halafu bado anashuka kutazama maji.