Kabla ya Kupanda Juu ya Bati: Historia ya Sola Kagera na Betri Tuliyoiua

Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, Ghana ilipokuwa inacheza na Uruguay robo fainali ya Kombe la Dunia, sisi wajukuu tuliua betri ya Bibi.

Naandika "tuliua" kwa sababu hilo ndilo neno lenyewe, na kwa sababu mpaka juzi familia yetu kule Muleba iliamini kwamba ile ilikuwa betri feki. Haikuwa feki. Ngoja nieleze.

Mwaka 2009 Bibi aliuza kahawa, akaongezea hela alizotumiwa na wajomba, akanunua sola: paneli moja, betri moja ya kuongeza maji, kontrola ndogo ya kupachika ukutani, taa tatu na kitivii cha volti 12. Muuzaji alikuja na fundi, wakafunga kwa nusu siku, wakala, wakaondoka. Maelezo waliyoacha yalikuwa sentensi moja: taa nyekundu ikiwaka, pumzisheni. Kwa nini tupumzishe, hawakusema.

Usiku ule taa nyekundu iliwaka kabla ya dakika za nyongeza. Kontrola ikakata, kioo kikawa cheusi, sebule nzima ikapiga kelele. Binamu yangu akachomoa waya za tivii kwenye kontrola, mimi nikamshikia tochi, akazibana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Picha ikarudi. Tukamwona Suárez akizuia mpira kwa mikono golini, tukamwona Gyan akigonga mwamba. Tangu hapo kila mechi ya usiku tulifanya vile vile, hadi fainali. Kufika Desemba, betri haikuweza kuwasha hata taa moja kwa saa nzima. Fundi akaja, akaitazama, akasema siku hizi betri feki zimejaa. Sisi tukanyamaza. Bibi akarudi kwenye kibatari chake, akakitumia mpaka alipofariki.

Sasa Mama anaishi peke yake kwenye nyumba ile ile. Nguzo za umeme zimefika kijijini, lakini nyumba iko ndani kabisa, mbali na nguzo ya mwisho. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Baba, nataka taa za sola. Wewe si mwandishi wa habari? Ulizia ulizia basi, tusije tukatupa hela kama zile za bibi yako."

Nikaulizia. Nilitegemea kupata bei. Nilichopata ni historia, na ndani yake nikakuta kosa letu la mwaka 2010 lilikuwa linajulikana, tena linafundishwa darasani, ndani ya mkoa wetu huu huu, miaka mingi kabla Bibi hajanunua.

Historia yenyewe inaanzia kwenye wiki moja ya Aprili 1954. Tarehe 25, kule New Jersey, Marekani, maabara ya Bell ilionyesha hadharani kipande cha silikoni kilichogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Waliokitengeneza ni Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, na kiligeuza takriban asilimia 6 tu ya mwanga uliokipiga. Siku nne baadaye, tarehe 29, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda. Umeme wa jua na umeme wa Jinja vilizinduliwa wiki moja. Vyote viwili vingefika Bukoba, ila kila kimoja kwa njia yake.

Wa Jinja ulikuja kwa mzunguko wa ajabu kidogo. Mto Kagera ndio unaomwaga maji mengi kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria. Maji hayo hutoka ziwani pale Jinja, yakazungusha mitambo, na kuanzia miaka ya 1990 umeme wa Uganda ukawa unarudi kwetu kwa waya kutoka Masaka hadi Kyaka. Kwa miaka mingi Bukoba iliwaka kwa umeme ulionunuliwa ng'ambo ya mpaka, huku gridi ya taifa ikiishia mbali. Kwa mtu wa mjini ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mtu wa kibanjani Muleba, na zaidi kwa wavuvi wa visiwa kama Bumbire na Goziba, waya zile zilikuwa habari za kusikia redioni, tena redio ya betri za kununua dukani.

Umeme wa jua ulianza kwa kupaa. Mwaka 1958 ulirushwa angani kwenye satelaiti ya Marekani, Vanguard 1. Kushuka mpaka kwenye paa za vijiji vyetu kulichukua zaidi ya robo karne, na mlango ulikuwa Meru, Kenya. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris, aliyewahi kujitolea na Peace Corps, alifunga sola katika shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, alikokuwa akifundisha kijana mwingine wa kujitolea, Mark Hankins. Jambo kubwa walilofanya, kwa maoni yangu, ni kuwafundisha mafundi wa pale pale ile kazi. Paneli zikiisha unaagiza nyingine. Fundi anayejua kwa nini taa nyekundu inawaka, huyo huwezi kumwagiza kwa meli.

Fundisho hilo lilifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Karagwe, jirani zetu kabisa hapa mkoani, shirika la maendeleo la KARADEA lilianzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola, na watu walitoka nchi nyingine za Afrika Mashariki kuja kusoma. Wakati huo huo hamu ya umeme ilikuwa inapanda. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na Tanzania Bara ikaanza kuonja televisheni yake. Waliokuwa mbali na waya walibeba betri za gari kwenye baiskeli kwenda kuchajisha mjini, wakarudi nazo kutazama taarifa ya habari.

Betri ya gari ndiyo inayoeleza vizuri dhambi yetu. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiitumia taratibu usiku kucha mpaka ikauke, inaharibika upesi. Betri ya sola ya risasi na asidi inavumilia zaidi, lakini nayo ina mpaka: ukitaka idumu, usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, na usiiache tupu. Ikikaa tupu, chumvi ngumu hujijenga kwenye sahani zake za ndani na nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua. Kontrola ipo kuzuia hilo. Ile taa nyekundu ilikuwa inatuambia tumefika kwenye mpaka. Sisi tukairuka.

Mafundi waliosoma wana desturi moja: wanaanza na kalamu kabla ya bisibisi. Hebu tufanye hesabu ya Mama. Taa tano za LED za wati 5, kila moja kwa saa 5, ni wati-saa 125. Tivii ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Kuchaji simu mbili, tuseme 20. Jumla ni 295, tuite 300 kwa siku.

Sasa jua. Bukoba iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, lakini ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo usipige hesabu kwa jua la Julai. Piga kwa mwezi mbaya, Aprili, ziwa likituletea mawingu tangu alfajiri. Fundi mwenye tahadhari hukadiria saa 4 za jua kamili, kisha anatoa theluthi hivi kwa joto, vumbi, waya na betri. Inabaki paneli ya wati 110 mpaka 120. Kama unataka betri ikubebe siku mbili za mawingu, unahitaji ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, au ya lithiamu yenye kama 60, kwa sababu lithiamu inakubali kushushwa zaidi. Mama akauliza: na pasi? Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja inakula umeme wa siku tatu. Pasi ya mkaa inabaki.

Hesabu hizi haziwezi kukusaidia kama namba iliyobandikwa kwenye paneli ni ya uongo. Hilo nalo lina historia. Kenya, kati ya mwaka 1999 na katikati ya miaka ya 2000, watafiti walipima paneli za bei nafuu zilizokuwa sokoni, wakakuta baadhi ya chapa zinatoa pungufu sana kuliko zilivyoandikwa. Nyingine zilikuwa nzuri kabisa. Mnunuzi akiwa amesimama kaunta hakuwa na namna ya kuzitofautisha, ndiyo maana kipimo cha umeme mkononi mwa fundi kina thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Kisha ikaja sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Mtaji mkubwa wa mara moja, uliomlazimu Bibi kusubiri msimu wa kahawa, ukavunjwavunjwa. Ni ukombozi wa kweli, sitaki kuubeza. Lakini Mobisol ya Ujerumani, moja ya kampuni kubwa za mtindo huo hapa Tanzania, ilifilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na ENGIE. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: nikimaliza kulipa, mtambo ni wangu kabisa? Betri ya fundi mwingine inaingia humu? Dhamana ni ya nani kama ninyi hampo?

Wiki mbili zilizopita nilienda Muleba na fundi. Tatizo la kwanza halikuwa hela wala betri. Lilikuwa kivuli. Nyumba ya Kihaya inakaa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka, na juu ya paa letu umetanda mparachichi alioupanda marehemu Baba. Vipande vya ndani ya paneli vimeungwa kwa mfuatano, kama foleni kwenye njia nyembamba: jani moja likiziba kipande kimoja, wote walio kwenye foleni wanachelewa. Fundi akasema mti ukatwe. Mama hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na chai.

Tulipokuwa tunakunywa, nilimwona kuku akidonoa kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Nikamuuliza Mama kwa nini kahawa inaanikwa pale na si mbele ya nyumba. Akanitazama kama mtoto. "Si ndipo jua linaposhinda? Bibi yako alipachagua kabla hujazaliwa."

Stoo ya kahawa iko pembeni mwa uwanja huo. Paa lake halina kivuli. Fundi akapanda, akatikisa kenchi moja moja, maana tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 hakuna mtu mwenye akili hapa anayeamini paa kwa macho. Zimesimama imara. Kutoka stoo hadi nyumbani ni mita 15. Kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, zaidi ya volti 2 zingepotea njiani. Kwa waya wa milimita 6, ni kama nusu volti. Waya mnene una bei, lakini mparachichi unabaki.

Jioni, fundi alipoondoka, nilimwambia Mama habari za usiku wa Ghana. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Alimlaumu yule muuzaji mpaka anakufa." Hakuongeza neno.

Tutafunga msimu wa senene ukipita. Kontrola itakaa sebuleni, usawa wa macho, na karatasi niliyoiandika kwa mkono itabandikwa chini yake, ikieleza taa nyekundu ina maana gani na kwa nini. Wajukuu wa Mama wanapenda mpira pia.