Kete za zamani, sheria mpya: kutoka bao la Mponde hadi kwa kasisi Ngurumo

Desemba nilikuwa nyumbani Mponde, kwetu kwenye chai na ukungu, upande wa Bumbuli wa milima ya Usambara. Jioni moja nilikaa barazani dukani namwangalia mjomba akicheza bao. Kete zilikuwa pungufu. Mbili zilipotea, mjukuu alizichezea. Mjomba hakuhangaika: aliinama, akaokota vijiwe viwili barabarani, akavipangusa kwenye shati, mchezo ukaendelea. Nikamuuliza kama haoni shida kuchanganya komwe na mawe. Akasema, "Shimo halijui kilichomo, we kijana. Linajua idadi tu."

Niliondoka na hiyo sentensi kichwani, kwa sababu usiku huohuo sisi vijana tulikuwa na ugomvi wetu mezani, na ulikuwa ugomvi wa aina hiyohiyo: unafanyaje na kitu cha zamani pale sheria zinapobadilika? Ugomvi nitaufikia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana hili jambo lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na bao lenyewe. Ubao una mashimo 32 na kete ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Kwenye bao la kujifunza unatandaza zote tangu mwanzo, mbili kila shimo, mnaanza kucheza. Kwenye bao la Kiswahili unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba na nne kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zinabaki mkononi unazinamua moja moja. Ni michezo miwili yenye uzito tofauti kabisa, lakini ubao ni uleule na kete ni zilezile. Huhitaji kununua chochote kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Mnakubaliana tu kabla ya kukaa: leo tunacheza la kujifunza au la Kiswahili?

Sababu ni kwamba kete ya bao haina cheo. Hakuna kete ya mfalme wala kete ya askari. Nguvu yote imekaa kwenye mahali: nyumba, kichwa, kimbi. Ukibadilisha sheria ya nyumba, kete zote 64 zinakuwa tayari kwa sheria mpya papo hapo, hata zile mbili zilizookotwa barabarani.

Sasa linganisha na sataranji, ambayo siku hizi vijana wanaiita chesi. Huko kila kipande kina jina na nguvu zake, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mchezo ulitoka India ukapita Uajemi, Waarabu wakaupokea na kuupenda sana. Katika sataranji yao ya zamani, pembeni ya mfalme hakukuwa na malkia. Alikuwepo waziri, farzin, ambaye alisogea hatua moja tu kwa mshazari. Tembo, fil, aliruka miraba miwili kwa mshazari, basi. Ukikaa na karatasi ukahesabu utaona kwamba tembo mmoja, maisha yake yote ubaoni, anaweza kukanyaga miraba 8 tu kati ya 64. Mnyama mkubwa hivyo!

Kwa mchezo huo wa polepole, watu waliandika vitabu. Mabingwa wa Baghdad walitunga mafumbo: huu hapa mpangilio wa vipande, sasa tafuta namna ya kushinda. As-Suli, aliyekuwa bingwa katika baraza la makhalifa mwanzoni mwa karne ya 10, aliacha fumbo moja gumu kiasi kwamba lilikaa takriban miaka elfu moja bila kufumbuliwa. Aliyelifumbua ni Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, katika karne ya 20.

Katikati hapo, kuelekea mwisho wa karne ya 15, sheria zilibadilika huko Hispania na Italia. Farzin akawa malkia anayefagia ubao mzima. Fil akapewa mshazari wote badala ya kuruka miwili. Wachonga vipande hawakulazimika kubadili kazi yao. Seti yako ya jana ilifaa leo. Ila maktaba yako ya mafumbo, ile iliyochukua vizazi kukusanywa, ilikufa siku moja. Chukua fumbo la as-Suli uliweke ubaoni kwa sheria za leo: vipande vinasimama vizuri, kila kimoja mahali pake, lakini jawabu halipo tena, kwa sababu waziri uliyempanga pale si waziri tena.

Mtu ninayempenda katika hadithi hii ni Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji Salamanca mwaka 1497, mabadiliko yakiwa bado ya moto. Kitabu chake kina mafumbo 150, na humo amechanganya ya mchezo wa zamani na ya mchezo mpya, akionyesha lipi ni la upande upi. Hakutupa la zamani wala hakujifanya kwamba yote ni mamoja. Aliweka alama. Kazi ndogo tu ya karani, lakini msomaji wake alijua anasimama wapi.

Haya, sasa kwenye meza yetu.

Kwa asiyejua: kuna michezo ya mezani ambayo kila mtu anavaa uhusika wa mtu wa kubuni, mmoja anakuwa msimulizi na mwamuzi, na mambo magumu yanaamuliwa kwa kutupa dadu, hasa dadu ya pande 20. Mama wa michezo hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika wako ana karatasi yenye jamii yake (binadamu, kibeti na kadhalika), kazi yake (mpiganaji, kasisi, mchawi), malezi yake kabla ya safari, na tawi la kazi ambalo amejikita. Karatasi hiyo unaweza kukaa nayo miaka. Watu huizoea kama mtu anavyozoea jembe lake.

Na mchezo huu umebadilishiwa sheria mara nyingi. Mwaka 2000 toleo la tatu lilikuja na kugeuza hata maana ya namba. Kabla ya hapo, namba ya ulinzi ilivyokuwa ndogo ndivyo ulivyokuwa salama zaidi. Kuanzia hapo ikawa kinyume, kubwa ndiyo nzuri. Ulinzi wa 4 wa zamani, ambao ulikuwa wa kujivunia, ukisomwa kwa macho mapya ni wa mtu aliyejilaza barabarani. Wachapishaji walijua, wakatoa kijitabu cha kuvushia wahusika. Kwa namba ya ulinzi hesabu ni nyepesi: toa ya zamani kutoka 20. Kwa hiyo 4 inakuwa 16, heshima inarudi.

Mwaka 2008 mambo yalikuwa tofauti. Toleo la nne lilikuja bila daraja la namna hiyo, na kitabu chake cha kwanza cha wachezaji hakikuwa na baadhi ya kazi zilizozoeleka, kama mtawa na mwimbaji. Wengi hawakuhama. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Paizo, ikatoa mchezo wa Pathfinder uliojengwa juu ya sheria za toleo la tatu, na wale waliokuwa na rafu zilizojaa vitabu vya zamani wakaenda huko. Nionavyo mimi, wengi wao hawakuwa wakipinga maendeleo. Walikataa kuambiwa kwamba miaka minane ya maisha yao mezani haina pa kuingilia.

Mwaka 2014 likaja toleo la tano, na mwaka 2024 kitabu cha wachezaji kikaandikwa upya. Safari hii waliahidi kwamba vya zamani vitatumika pamoja na vipya. Hapo ndipo Ngurumo anapoingia.

Ngurumo ni mhusika wa mdogo wangu. Ni kibeti wa vilimani (angekuwa nani mwingine, mtoto wa Usambara?), kasisi, tawi lake ni dhoruba, malezi yake ni mhudumu wa hekaluni. Aliundwa kwa kitabu cha 2014, nakala iliyotumika ambayo tulichangishana wanne kuinunua. Tuliacha kucheza akiwa ngazi ya pili, kila mtu akaenda chuo chake. Desemba hii mmoja wetu akaja na sheria mpya. Tukasema sawa, tuendelee, na Ngurumo aje kama alivyo.

Ndani ya nusu saa tulikuwa tunapigiana kelele.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Mwaka 2014, alama za nyongeza zilitoka kwenye jamii: kibeti wa aina yake alipata 2 za uvumilivu na 1 ya busara. Mwaka 2024 nyongeza hizo zimehamishiwa kwenye malezi. Mdogo wangu alichukua kibeti wa zamani na malezi mapya, akapata nyongeza mara mbili, alama 6 badala ya 3. Busara yake ya 15 ikawa 16 kwa ukibeti, kisha 18 kwa hekalu. Mwenzetu mwingine alifanya kinyume, jamii mpya na malezi ya zamani, akaambulia sifuri, akabaki na 15 yake. Kwenye mchezo huu kila alama mbili ni nyongeza ya 1 kwenye dadu. Kwa hiyo 18 inakupa 4, na 15 inakupa 2. Tofauti ni pande mbili kati ya 20, asilimia 10 ya kila utupaji wa dadu unaotegemea busara, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuiba.

Dawa ipo kitabuni, sentensi chache tu. Jamii ya zamani ikiwa na nyongeza za alama, zipuuze. Malezi ya zamani yakikosa nyongeza, chagua mwenyewe: 2 kwa sifa moja na 1 kwa nyingine, au 1 kwa sifa tatu. Yakikosa kipaji cha kuanzia, chagua kimoja. Ukifuata hivyo Ngurumo anapata busara 17. Wote wawili wakatulia.

Kosa la pili halikuwa la hesabu. Zamani kasisi alichagua tawi lake ngazi ya kwanza. Sasa matawi yote, ya kazi zote, yanaanza ngazi ya tatu, na tawi la zamani lililokuwa linatoa uwezo mapema linasubiri hadi hapo. Tawi la dhoruba halimo kabisa kwenye kitabu kipya, ila unaruhusiwa kulitumia kutoka cha zamani. Lakini Ngurumo yuko ngazi ya pili! Yule kasisi ambaye ukimpiga ukiwa karibu anakurudishia radi, hana radi. Deraya nzito alibaki nayo, kwa kuwa kasisi mpya anaweza kuipata ngazi ya kwanza akichagua njia ya ulinzi. Ila radi ndiyo iliyompa jina.

Kuna sehemu waandishi walikuwa makini kweli. Kasisi mpya anapata ngazi ya saba uwezo wa kuongeza nguvu ya mapigo, na matawi ya zamani yalikuwa yakitoa kitu kama hicho ngazi ya nane. Kitabu kinasema wazi: ukipata vyote viwili kwa sababu tawi lako ni la kitabu cha zamani, tumia kile ulichochagua kwenye kazi mpya tu. Hapo nilimkumbuka Lucena na alama zake.

Mdogo wangu hakufarijika. "Kwa hiyo nimekaa miaka minne namkumbuka Ngurumo, nakuja namkuta ni muhudumu tu wa kanisa?" Yule wa sheria mpya akamwambia anunue kitabu kipya achague tawi jingine. Kitabu hicho Marekani kinauzwa dola 49.99, zaidi ya shilingi laki moja kabla hakijapanda meli wala basi la kutoka Mombo. Sheria za msingi zipo bure mtandaoni, za zamani tangu Januari 2023 na mpya tangu 2025 kwa leseni huria, lakini humo kasisi ana tawi moja tu, la uhai. Kwa mtu mwenye rafu ya vitabu, utangamano wa matoleo ni mada ya kubishania. Sisi kitabu ni kimoja, wanne, na kurasa za dhoruba zimo humo tu.

Basi tukakaa tukahesabu. Ngazi ya pili inaanza alama 300 za uzoefu na ya tatu 900, na Ngurumo alikuwa ndiyo kwanza amegusa 300. Kulikuwa na hoja mbili: kumpandisha bure hadi ya tatu, au kumwacha achume hizo 600. Mimi niliunga mkono kumpandisha, kwa kuwa deni ni la sheria, si lake. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema atacheza bila radi, na sababu anayo: mvua za vuli zimegoma mwaka huo, kibeti anashuka mlimani kwenda kuuliza mbingu zina shida gani.

Msimulizi akatupa dadu kujua hali ya hewa njiani. Ikatoka 3. Jua kali.