Tilawa: Meli Iliyokuwa Ikija Kwetu

Katika nyumba nyingi za Wagujarati wa pwani hii, ukiuliza babu alifikaje Afrika, hutajiwa jina la meli kabla ya kutajiwa mwaka. Wazee wa zamani zaidi walikuja kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi. Kisha zikaja meli za abiria za kampuni ya British India: Karanja, Kenya, Takliwa, Tairea. Wachache walikuwa na vyumba; walio wengi walilala sitahani, mkeka kwa mkeka, pamoja na mabati ya vyakula vyao. Habari za waliofika tunazo, maana sisi ndio watoto wao. Katika maadhimisho haya ya hekalu letu nimeona yafaa niwataje wale ambao hawakufika.

Tilawa iliundwa Uingereza mwaka 1924, ikawa na uzito wa zaidi ya tani 10,000. Iling'oa nanga Bombay tarehe 20 Novemba 1942, ikielekea Mombasa na bandari za kusini hadi Durban. Ilikuwa na watu 958, miongoni mwao wake na watoto waliokuwa wakirudi kwa waume na baba zao huku. Vita vilikuwa vimepamba moto, lakini meli ilisafiri peke yake, bila manowari ya kuilinda.

Usiku wa manane wa tarehe 23, nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga kombora. Watu waligombania mashua, wengine wakaangukia baharini. Hata hivyo meli haikuzama. Ilisimama pale pale gizani, na baadhi ya waliokuwa wameshuka wakadhani hatari imepita, wakairudia. Jambo hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote katika kisa hiki, kwani nani kati yetu asingeirudia? Kombora la pili likaja, nayo Tilawa ikaenda chini. Ofisa wa simu ya upepo, Duncan, hakuondoka mezani pake; aliendelea kutuma wito wa msaada mpaka akazama na meli.

Wito ule ulisikika. Baada ya takriban siku mbili za jua na kiu, manowari Birmingham iliokoa watu 674, na meli nyingine, Carthage, ikaokota wanne. Waliokufa ni 280, Wahindu kwa Waislamu, abiria kwa mabaharia. Walionusurika walirudishwa Bombay tarehe 27, mahali pale pale walipoanzia, na jamaa zao wa Afrika wakabaki kungoja meli ambayo haikuonekana.

Ndani ya Tilawa kulikuwa pia na mikuo 2,364 ya madini ya fedha, mali ya serikali ya Afrika Kusini. Mwaka 2017 kampuni moja iliiopoa kutoka kilindi cha zaidi ya kilomita mbili, ikapelekwa Uingereza, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya huko, iliyotoa hukumu mwaka 2024. Mimi ni mfanyabiashara na sidharau fedha. Lakini mikuo ile ilihesabiwa mmoja mmoja, ikatetewa na mawakili, ilhali mazishi ya bahari yale hayakuwa na hata orodha iliyobandikwa ukutani kwetu.

Majirani zetu nao wana meli yao. Mwezi Februari 1944 Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, imechukua askari, wauguzi na kikosi cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga, ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwamo zaidi ya 600 wa kikosi hicho, vijana wa nchi hizi zetu. Manowari za Kiingereza ziliiwinda nyambizi ile na kuizamisha siku hiyo hiyo, lakini kwa kuwa ilikuwa imejificha chini ya watu walioelea, mabomu yalitupwa katikati yao. Majina ya wapiga mizinga wale yamechongwa Nairobi, katika makaburi ya vita.

Katika dini yetu maiti hukabidhiwa moto, na majivu hukabidhiwa maji. Waliozama hawakupata moto. Wamebaki na shraddha tu, ambayo hufanywa kwa kumtaja marehemu kwa jina. Mtu asiyekumbukwa jina, nani atamfanyia? Kwa sababu hiyo daftari limewekwa ofisini mwa hekalu. Mwenye ndugu aliyepotea katika Tilawa, au katika meli nyingine yoyote, na aliandikishe jina lake, kijiji alichotoka na bandari aliyokuwa akiiendea. Majirani wa dini zote wanakaribishwa kuandikisha ya kwao, na aliye na mzee nyumbani amwulize mapema.