Kinachobaki Kasansa Baada ya Kodi

Mchumi akitaka kujua mtu ana uwezo gani wa kuishi, hatosheki na mshahara wala mauzo. Huuliza kimebaki nini mkononi baada ya kodi na makato ya lazima. Katika kata ya Kasansa, bonde la Rukwa, mkoani Katavi, hesabu hiyo ni ya tangu enzi za Wajerumani, na kwa miaka mingi ilikuwa hesabu ya watu kudaiwa fedha wasizokuwa nazo.

Wapimbwe, wenyeji wa bonde hili, walikuwa na nafaka ghalani, nyama ya porini na asali. Rupia hawakuwa nazo. Sheria ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliitoza kila nyumba ya kijijini rupia 3 kwa mwaka, mwenyewe awe amevuna au amekosa. Waingereza wakaja na sheria yao mwaka 1922: mwenye nyumba alilipia nyumba, kijana asiye nayo alilipia kichwa chake. Tajiri na fukara walitoa kiasi kilekile. Mmoja akabaki na ng'ombe wake, mwingine akabaki na deni.

Fedha ikabidi ifuatwe mbali. Kutoka magharibi mwa Tanganyika wanaume wengi walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye kazi ilisogea karibu, kampuni ya Uruwira Minerals ilipochimba madini ya risasi Mpanda. Reli kutoka Kaliua ikafika huko mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960.

Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Watu wazima vijijini wanaikumbuka vizuri: mgambo njiani wakidai stakabadhi, wanaume wakilala porini. Ilifutwa mwaka 2003, na ni hatua chache za serikali zilizomwachia mkulima maskini shilingi yake waziwazi namna ile.

Siku hizi Kasansa ni mpunga na mahindi, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wamepanua mashamba. Kodi inayomgusa mkulima ni ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5 hadi ulipopunguzwa mwaka 2017. Kisheria hulipwa na mnunuzi, ila mnunuzi naye huutoa kwenye bei anayompa mkulima.

Kato kubwa kuliko ushuru huo ni lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba juu, kikashonwa kwa kamba, na bei ikabaki ya gunia moja. Mkulima akiuza magunia 10 ya kilo 120 kwa bei ya kilo 100, ametoa kilo 200 bure: karibu asilimia 17 ya mzigo wake, zaidi ya mara tatu ya ushuru ule wa zamani, na hakuna zahanati wala darasa litakalojengwa kwa kilo hizo. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa. Halmashauri ziweke mizani kila panaponunuliwa mpunga, na mkulima asikubali kuuza ila kwa kilo.