Jésus de Montréal na Mzozo wa Mwaka 1694

Kila inapotajwa Jésus de Montréal, filamu ya Denys Arcand ya mwaka 1989 kuhusu waigizaji wanaocheza Mateso ya Yesu, husemwa kwamba imezaliwa na mageuzi ya Quebec ya 1960, serikali ya Jean Lesage ilipoanza kuzitoa shule na hospitali mikononi mwa Kanisa. Maelezo hayo hayatoshi. Padri na mwigizaji walikuwa wamevutana huko kwa karibu miaka 300.

Maigizo ya Mateso ya Yesu huko Ulaya yanajulikana: Paris yalipigwa marufuku mwaka 1548, Oberammergau yapo tangu 1634. Isiyosomwa ni taarifa ya Wajesuiti ya mwaka 1640. Inasimulia igizo lililochezwa mjini Quebec, mashetani wakiikimbiza roho ya asiyeamini huku wakizungumza Kialgonquin, ili wenyeji waelewe na waogope. Basi Kanisa halikulichukia jukwaa. Lilitaka kulishika lenyewe.

Hilo lilidhihirika mwaka 1694. Gavana Frontenac alikusudia kuonyesha Tartuffe, tamthilia ya Molière inayomwumbua mnafiki wa dini, na Luteni Mareuil awe mmoja wa waigizaji. Askofu Saint-Vallier akatoa waraka wa kuilaani, na mwingine wa kumshutumu Mareuil kwa kufuru. Kisha akakutana na gavana barabarani, akaahidi kumlipa pistole 100 aachane na mchezo huo. Frontenac akakubali, fedha akazipokea. Mchezo haukuchezwa, na kabla mwaka haujaisha Mareuil alitiwa gerezani. Wakubwa walielewana, aliyeumia ni mwigizaji.

Nikiitazama filamu ya Arcand, naiona njia ile ile. Padri Leclerc anamwomba mwigizaji kijana, Daniel, alihuishe igizo la Mateso lililochakaa. Watu wanamiminika, wakuu wa Kanisa wanakasirika, na Leclerc anageuka kuwa mkono wa kulizima. Wengi humhukumu upesi. Mimi namhurumia: analipenda jukwaa, anampenda mwanamke, na hana maisha mengine nje ya kanzu yake. Ila lile dai ndani ya igizo, kwamba baba wa Yesu alikuwa askari Panthera, silipi uzito wowote. Limetoka kwa Celsus, adui wa Wakristo wa karne ya 2, na tunalipata kwa kuwa Origen alilinukuu ili kulipinga.

Wanaoiita filamu hii kufuru waitazame sehemu ya treni za chini ya ardhi. Msalaba umemwangukia Daniel katika vurugu za kuzuia onyesho. Amejeruhiwa kichwani, anapepesuka kituoni, anawaonya abiria kwa maneno ya Injili kuhusu siku za dhiki. Hakuna anayemcheka, na kamera haimfanyii mzaha. Anakufa, na viungo vyake vinapandikizwa kwa wagonjwa wengine. Huko Cannes, mwaka ule ule, filamu ilipata Tuzo ya Majaji, na jopo la Wakristo wa madhehebu mbalimbali nalo likaitunuku. Majaji hao wa Kikristo waliielewa vizuri kuliko wahakiki wengi walioiandikia tangu hapo.