Injini Iliyoshika: Maana ya Istilahi na Namna ya Kuipima

Injini iliyoshika ni ile ambayo krankishafti yake haizunguki kabisa kwa sababu pistoni moja au zaidi zimeng'ang'ania kuta za silinda. Hali hii hulipata hasa gari lililokaa miaka juu ya mawe. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita magari ya namna hiyo si haba: Land Rover Series zilizowahi kuwa za serikali au za misheni, Bedford zilizobeba pamba, na matrekta ya Massey Ferguson. Uchimbaji nao umeongeza idadi yake. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mashine tangu enzi ya mkoloni hadi mgodi wa zamani ulipofungwa katika miaka ya 1960. Migodi hutumia injini nyingi, na kazi ikisimama, mashine hubaki zilipo.

Gerejini hali hii ina majina matatu: injini imejamu, injini imenoki, injini imekufa. La mwisho halimsaidii mtu, kwani hutumika hata kwa injini iliyoishiwa moto wa plagi tu. La pili lina kosa kubwa zaidi. Kunoki asili yake ni mlio wa kugonga unaosikika beringi za konirodi zikiisha, na siku hizi neno hilo hutajwa kwa injini yoyote iliyoharibika ikiwa kazini: imeishiwa oili, imechemka, beringi zimeungua, pengine konirodi imetoboa bloku. Injini ya aina hiyo inadai vipuri. Iliyokwama kwa kutu ikiwa imelala huenda haidai kipuri hata kimoja. Mwenye gari akiambiwa limenoki, hulikatia tamaa na kuliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Kiingereza hutumia kitenzi cha kukamata, na kwa hali zote mbili. Kiswahili kinaweza kufanya vizuri zaidi kikizitenga: kunoki kubaki kwa injini iliyojiua ikifanya kazi, na kushika kwa iliyokwama ikiwa imesimama. Kujamu kunafahamika kila mahali, lakini mlango hujamu, bunduki hujamu, na hata foleni ya magari hujamu. Kushika kunataja kitendo chenyewe, kwani ringi ya pistoni huwa imeushika ukuta wa silinda.

Kinachoshikanisha ringi na silinda ni unyevu. Injini ya silinda nne ikizimwa, mahali popote itakaposimama, baadhi ya valvu hubaki wazi, na hewa ya nje hufika hadi ndani ya silinda kupitia kabureta au ekzosi. Shinyanga ni kukavu kuliko Geita iliyo jirani na Ziwa Viktoria, ila ukavu huo hautoshi kuwa kinga: mvua za Novemba hadi Mei zina unyevu wa kutosha, na chuma kilichopoa usiku hutokwa jasho hewa yenye unyevu inapokigusa. Silinda na ringi zote ni chuma cha kusubu, kwa hiyo kutu ya kimoja hushikana na ya kingine. Gasketi ya silinda hedi ikivuja, maji ya rejeta humaliza kazi hiyo kwa haraka zaidi.

Upimaji huanza kabla ya kugusa spana. Kijiti cha oili huchomolewa na kutazamwa. Oili nyeupe kama maziwa ni dalili ya maji. Maji yaliyotuama huzama chini ya oili, kwa hiyo nati ya kumwagia oili hulegezwa kidogo ili kuona kitakachotangulia kudondoka. Betri hufunguliwa waya, gia huwekwa huru, na mkanda wa feni hutolewa, kwani dainamo au pampu ya maji iliyokwama inaweza kumfanya fundi aidhanie mabaya injini isiyo na hatia. Kisha plagi zote hufunguliwa. Kwa injini ya dizeli hufunguliwa nozeli. Bila plagi hakuna mgandamizo wa hewa, hivyo ukinzani wowote unaobaki ni wa chuma kwa chuma. Faida nyingine ni kwamba maji yaliyojaa silinda hupata pa kutokea. Maji hayagandamiziki, na silinda iliyojaa maji huigiza kushika kwa namna inayodanganya hata mafundi wazoefu.

Kabla ya kuzungusha, kila tundu la plagi hutiwa oili nyepesi, na injini huachwa walau usiku mmoja. Kuzungusha ringi kavu juu ya kutu ni kuichubua silinda.

Land Rover Series ina urahisi ambao magari ya sasa hayana: hendeli ya kupigia injini, inayopita chini ya rejeta hadi kwenye nati ya krankishafti. Pasipo hendeli, soketi huvishwa kwenye nati ya puli ya mbele. Huzungushwa upande ambao injini huzunguka, kwa mkono mmoja, bila bomba la kurefusha spana. Stata haifai kwa kipimo hiki. Mlio wake mmoja mkavu na taa kufifia vinaweza kuletwa na betri dhaifu au teminali zenye kutu, na stata ikilazimishwa huungua. Kuburuza gari kwa trekta likiwa ndani ya gia, jambo linalopendwa sana vijijini, kunaweza kuvunja ringi na kupinda konirodi kwa dakika moja.

Injini ikizunguka mizunguko 2 kamili, haijashika. Mizunguko hiyo hukamilisha hatua 4 za kila silinda. Isiposogea hata unywele, ringi zimeshikwa na kutu. Ikienda na kurudi kidogo kisha ikagota palepale kila mara, huenda valvu imekwama ikiwa wazi na pistoni inaigonga, au kuna kitu kilichoingia ndani ya silinda.

Kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu, huko Geita, injini inayohusika mara nyingi ni dizeli ya Kichina ya silinda moja iliyolala, kama S195, inayoendesha karasha la kusagia mawe. Kipimo chake ni chepesi: kiwiko cha kuondoa mgandamizo huinuliwa na flaiwili huzungushwa kwa mikono. Adui zake ni wawili. Mipira ya silinda ikichakaa, maji ya tangi la juu huvujia kwenye oili. Vumbi la mawe yanayosagwa nalo, likipita kwenye chujio bovu, hubaki ndani kama msasa. Hapo kuzunguka tu hakutoshi kuonyesha kwamba injini ni nzima.

Iliyoshika kweli hutibiwa kwa subira. Mafundi wengi humimina mchanganyiko wa oili ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mbali na moto, wakauongeza kila siku kwa wiki moja au mbili. Spana hujaribiwa kidogo mbele, kidogo nyuma. Ule mtikisiko wa kwanza, hata uwe mdogo mno, unaonyesha kutu imeachia. Baada ya mzunguko kamili oili yote humwagwa, mpya hutiwa, na injini huzungushwa bila plagi hadi oili ifike juu kwenye valvu. Isipotikisika baada ya muda huo, silinda hedi hufunguliwa, na pistoni hugongwa taratibu kwa gogo la mti mgumu lililochongwa kutosha ndani ya silinda, kamwe si kwa nyundo tupu.